Mtetemo Kitangiri

JUMANNE, ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, pale Misigiri. Mashine ikinguruma, aliyeko nje hawezi kusikia neno. Ndiyo maana Urbano alikipenda.

Alichora sakafuni kwa chaki. Nyumba ya Miraji, mnunuzi wa dhahabu. Geti la nyuma. Mwalo, bandari ndogo ya wavuvi. Ziwa Kitangiri.

"Mzigo wa wiki nzima unalala kwake leo," alisema. "Kesho unakwenda mjini. Tunauwahi kabla mzee hajanywa chai. Mlinzi wake, Antipasi, ni mtu wetu. Anaacha geti wazi, tunamfunga kamba, tunaondoka."

"Na barabara?" aliuliza Gasto.

"Barabara waachie polisi. Sisi tunavuka ziwa. Ng'ambo kuna gari."

Wote wawili wakamgeukia Damari. Alikuwa fundi wa injini za boti, mwanamke wa maneno machache, mwenye harufu ya petroli isiyotoka kwa sabuni. Hakuwa jambazi. Gasto, mdogo wake, ndiye aliyejiingiza kwa Urbano, na Damari alikuwa amembembeleza atoke mpaka akachoka. Sasa alikuja kwa sababu moja: amrudishe nyumbani akiwa hai.

"Maji yamepanda mwaka huu," alisema. "Yamemeza mashamba na miti yake. Visiki viko chini, huvioni. Tunazunguka nitakakoonyesha, hata kama ni mbali. Na usukani nashika mimi."

"Umesikika, fundi," alisema Urbano. Akaifuta chaki kwa soli ya kiatu.

JUMATANO, JUA LINACHOMOZA

Damari alisubiri ndani ya boti, injini inaunguruma. Akasikia risasi. Haikuwemo kwenye mpango. Ikafuata filimbi, kisha kelele za wanakijiji kutoka kila upande.

Urbano alitokea kwanza, mfuko umebanwa kwapani, bastola mkononi. Gasto alimfuata akiburuta mguu. Mshale ulikuwa umemzama pajani. Damari alimshika kola akamvutia ndani.

"Nani kapigwa risasi?"

"Antipasi," alisema Gasto. "Alikuwa ameshakaa chini tumfunge, dada. Kampiga tu."

"Angetutaja," alisema Urbano. "Funga mguu wa mdogo wako. Boti naiendesha mimi."

Akakata ziwa moja kwa moja.

"Zunguka kulia," Damari alisema, mikono yake imejaa damu. "Urbano, kulia."

Hakuzunguka. Kitu kigumu kikagonga chini. Boti ikaruka, injini ikanyanyuka nyuma ikilia hewani, kisha ikarudi majini kwa kishindo. Tangu hapo ikaanza kutetemeka. Mtetemo ulipita kwenye sakafu ya boti, ukapanda miguuni hadi kwenye taya. Urbano alivyozidi kukaza mafuta, ndivyo ulivyozidi.

"Punguza," alisema Damari. "Ukiilazimisha itatufia katikati ya maji."

Wakaingia taratibu kwenye kisiwa kidogo cha matete.

KISIWANI

Damari alianza na boti yenyewe. Akapapasa sakafu: hakuna ufa, hakuna maji. Akaweka gia kwenye nyutro, akaongeza mafuta. Injini ikanguruma vizuri, bila kutikisika.

"Imepona," alisema Urbano.

"Juu imepona. Ubovu uko chini."

Akazima, akainua mkia wa injini. Bawa moja la propela lilikuwa limepinda ncha kama sikio la mbwa.

"Basi ni hiyo. Badilisha."

Propela ya akiba ilikuwemo. Damari akaifungua ile mbovu, lakini hakuishia hapo. Alivunja kijiti cha tete, akakishikilia karibu na ncha ya shafti, kile chuma kinachozungusha propela, akaizungusha kwa mkono polepole. Nafasi kati ya kijiti na chuma ikawa inapanuka na kupungua, inapanuka na kupungua. Shafti iliyonyooka haifanyi hivyo. Akaona na uzi mwembamba wa oili ukichuruzika nyuma ya sili, mpira unaozuia maji yasiingie.

Propela ingebadilishwa. Shafti, pale, haikuwa na dawa. Kwa mwendo wa pole wangefika, labda mchana. Kwa mwendo wa kukimbia, sili ingepasuka, maji yangeingia kwenye giaboksi, meno yangesagika.

Alifungua mdomo amwambie. Urbano akamtangulia.

"Huyu anabaki."

"Nani?"

"Mdogo wako. Jeraha la mshale kila hospitali wataliuliza. Mimi na wewe tunavuka."

"Dada," alisema Gasto.

Damari aliinama. Akavisha propela mpya, akakaza nati, akapitisha pini na kuikunja. Mikono yake ilitulia. Ilikuwa inafanya kazi inayoijua.

"Ilikuwa propela tu?" aliuliza Urbano. Bastola ilikuwa imeinuka kidogo.

"Propela tu."

"Washa nisikie."

Akashusha mkia majini, akawasha, akaiacha kwenye nyutro. Akakaza mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia kwa sauti moja, laini. Kwenye nyutro shafti haizunguki. Urbano hakulijua hilo.

"Nenda nayo," alisema Damari. "Mimi nabaki naye."

Urbano aliubana mfuko kwapani. Akageuza shingo kuelekea mwaloni, kwa wale ambao risasi nyingine ingewaonyesha alipo. Akaichomeka bastola kiunoni.

"Ukinitaja, nitakurudia."

Aliondoka polepole katikati ya matete. Alipofika peupe akafungulia. Damari alisikiliza amefumba macho. Sauti ilipanda. Ikaingia mkwaruzo, kama mawe kwenye ndoo. Urbano hakupunguza. Kukasikika mlio mmoja mfupi, kisha injini ikapiga kelele nyepesi, ya kitu kisichosukuma chochote. Boti ikasimama. Mtu akaonekana wima, mdogo, kwenye mwanga wote ule wa asubuhi. Akafyatua risasi kuelekea kisiwani, moja baada ya nyingine. Zote zilinywewa na ziwa.

"Ulijua?" aliuliza Gasto.

"Nilijua."

Mitumbwi ilikuwa inatoka mwaloni, wanakijiji na polisi pamoja, wote wakimlenga Urbano. Matete hayakuwa na mtu wa kuyatazama. Wangeweza kulala humo hadi jioni, kisha watembee kwenye maji ya kina kifupi hadi nchi kavu. Damari aliutazama mguu. Kitambaa kilikuwa kimelowa tena. Jioni Gasto asingeiona.

Akavua sweta, akasimama akitokeza juu ya matete, akaanza kulipunga.

"Watatufunga, dada."

"Utafungwa ukiwa hai."

Mtumbwi mmoja ukageuka. Mbele alikuwa mzee mwenye upinde, mshale uko kwenye kamba.

"Shikamoo, baba," alisema Damari. "Mdogo wangu anavuja damu."

Mzee aliutazama mguu. Kisha akaitika marahaba, kwa taabu, na kuushusha upinde.

Antipasi alizikwa Alhamisi. Ijumaa, askari mmoja wa kike aliyekuwa akimpeleka Damari mahabusu alimruhusu asimame kwanza kwenye mlango wa wodi. Gasto alikuwa amefungwa pingu mkono mmoja kwenye kitanda. Kwa mkono wa pili alikuwa anakunywa uji.