Bahati ya Behewa la Zambarau

Asubuhi ya Jumamosi stesheni ilikuwa imefurika zambarau. Fulana za zambarau, kofia za zambarau, hata mbwa mmoja alikuwa amefungwa kitambaa cha zambarau shingoni, maskini, na hakuna aliyemuuliza anashabikia timu gani. Katikati ya watu hao alisimama binti wa duka la miwani, ndani ya gauni lake la kazi, nalo la zambarau, lenye kola nyeupe. Hakuwa na habari na mpira. Alikuwa anakwenda kwa shangazi yake kumwambia kwamba harusi haipo tena, kwa kuwa bwana harusi ameshaoa kwingine. Hakuwa amelia. Hakuwa na hasira wala njaa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

"Wewe binti, unashangaa nini? Behewa letu hili!"

Aliyesema ni Mama Ngoma, mwenyekiti wa tawi la washabiki, mwanamke wa mwili na sauti. Alimshika mkono, akamsukuma ndani kabla hajafungua mdomo.

Binti akajikuta amekaa dirishani, kando ya kijana mrefu mwenye grisi kwenye kucha. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti. Siku za mechi alikuwa katibu wa tawi, na wote walimwita Katibu.

"Sijawahi kukuona. Wewe wa tawi gani?"

"La miwani," binti alisema. "Hili ni gauni la kazi, kaka."

Katibu alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. "Shusha sauti! Wakijua watakutupa dirishani. Kula chungwa, ujifanye mwenzetu."

Alilila. Hakusikia utamu wala uchachu, lakini alilimaliza.

Timu ile ilikuwa haijashinda ugenini msimu mzima. Siku hiyo ikashinda. Kwenye treni ya kurudi, binti akitoka kwa shangazi, Mama Ngoma alimkumbatia nusura amvunje mbavu. "Huyu ndiye bahati yetu! Kila safari awepo, kiti kile kile, gauni lile lile, na Katibu pembeni na chungwa lake!" Washabiki ni watu wazima kila siku isipokuwa siku ya mechi. Walinyoosha mikono, azimio likapita.

Tangu hapo, kila Ijumaa mchana, Katibu alikuwa akipiga simu.

"Bahati wangu, kesho unakuja?"

"Nina lipi lingine la kufanya?"

"Sema basi umenikumbuka, hata kwa uongo."

"Nimekukumbuka kwa uongo."

"Ahsante. Hata uongo wako mtamu."

Aliipenda sauti ile, kadiri mtu mwenye ganzi anavyoweza kupenda. Timu ikashinda tena, ikatoka sare, ikashinda. Siku moja, treni ikipita kwenye handaki, Katibu alimwambia kwamba anampenda. "Nimesikia," binti alijibu. Katibu alilibeba jibu hilo mpaka nyumbani akalala nalo, maana hakupewa jingine.

Kisha timu ikafungwa nne bila. Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Wala ile nyingine.

Kumbe tawi lilikuwa limekaa kikao. Bahati imegeuka, walisema. Yule binti sasa ni mkosi, asipande tena. Katibu alimtetea mpaka koo likakauka, akashindwa, na juu ya kushindwa akaagizwa yeye ndiye ampelekee habari. Kila akishika simu aliirudisha mfukoni. Akaona heri anyamaze, kama wanaume wengi waonavyo, wakisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Binti alielewa jambo moja tu: alikuwa hirizi yao, hakuwa mtu. Hapo pia hakulia. Alikaza skrubu za miwani za watu, akafunga duka, akaenda kulala.

Ikaja mechi ya mwisho, nayo ya ugenini. Wakifungwa, wanashuka daraja. Siku hiyo hiyo binti alikuwa anakwenda kumsalimia shangazi, kavaa gauni la maua ya manjano na viatu vya chini, kakaa behewa la abiria wa kawaida. Katibu alipita akitafuta maji ya kunywa, akamwona. Maji akayasahau.

"Bahati."

"Usiniite hivyo."

"Nilikuwa nataka kupiga..."

"Simu ilikuwa na miiba?"

Kabla hajajibu, Mama Ngoma alitokea nyuma yake. "Jamani! Mkosi umo ndani ya treni!" Kisha akashusha sauti, karibu apige magoti. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Nakuomba tu, shuka kituo kijacho. Tukishuka daraja leo nitakufa mimi."

Katibu alimgeukia binti, kisha mwenyekiti. Sasa ndipo binti alipojua kwa nini simu haikulia.

"Nitashuka," alisema. Kushuka na kubaki kwake vilikuwa kitu kimoja. Treni ilipopunguza mwendo alichukua mkoba wake.

"Mama, akishuka, nashuka."

"Katibu! Hujakosa mechi ya ugenini tangu uote ndevu! Bango atashika nani?"

Kule nyuma behewa la zambarau lilikuwa linaimba, wimbo aliotunga Katibu mwenyewe. Alisimama mlangoni akiusikiliza, macho yamemjaa machozi. Binti alikuwa ameshateremka. Treni ilipoanza kutambaa tena, Katibu aliruka, akaangukia goti.

Kituo kilikuwa na benchi moja na bomba linalovuja. Walikaa.

"Ungeniambia," binti alisema.

"Ningekuambiaje kwamba watu wangu wanakuita mkosi?"

"Kwa mdomo. Ningecheka."

"Wewe? Wewe hucheki."

"Basi nisingecheka. Lakini ningejua."

"Nisamehe."

Binti alilowesha leso bombani, akamfuta damu gotini, polepole, kama afutavyo kioo cha mteja.

Alasiri simu ya Katibu ililia. Mama Ngoma alikuwa analia kwa furaha, anasikika benchi zima. "Tumeshinda! Tumebaki! Kumbe mikosi ilikuwa miwili! Katibu, nakupenda kama mwanangu wa kumzaa, ila behewani usikanyage tena, wewe na huyo mwenzako!"

Katibu alijaribu kucheka, sauti ikatoka vibaya.

"Umepoteza timu yako," binti alisema.

"Timu ipo. Imeshinda. Mimi ndiye sina behewa."

"Na mimi sina bahati tena. Sasa unanitakia nini?"

"Nakutaka ukae hivi, kando yangu, hata tufungwe kila wiki. Treni ijayo twende kwa shangazi yako. Nitabisha hodi mwenyewe, nimwambie nataka kukuoa. Ukikataa nitarudi kwa miguu, nikichechemea."

Binti alifungua mdomo ajibu. Badala ya maneno yakatoka machozi, mengi, yakimlowesha maua ya gauni. Katibu alishtuka, akasimama.

"Nimekuudhi?"

"Hapana. Inauma."

"Wapi, mpenzi?"

"Kila mahali." Alimvuta mkono akae. "Nyamaza kidogo. Niache niyasikie maumivu."