Tangi la Kulia

Usiangalie pembeni, wewe uliyeshika kitabu hiki. Umekwisha kumwona mwenzako akiitwa mwizi mbele ya watu, nawe ukajifanya unafunga kamba za viatu. Mlandege, mjini Iringa, mwaka 1975, shule nzima ilifanya hivyohivyo. Wapo ambao hawajasahau.

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Severina wa darasa la sita alipita nyuma ya ofisi kukagua ndege. Haikuwa ndege ya kuruka, bali ya kujifunzia. Mwili wake ulijengwa kwa matofali mabichi na mabawa yake yalikuwa mbao ndefu, kwa kuiga picha ya jeti ya zamani ambayo Mwalimu Regina aliibandika ukutani. Kila bawa lilibeba debe la maji. Hayo ndiyo yalikuwa matangi ya mafuta. Mwanzi uliotobolewa uliyaunganisha kwa chini, na mdomo wake ulizibwa ndani ya tangi la kushoto.

Nkuba, mwanafunzi mwenzake, alikuwa rubani, Severina fundi wa mafuta.

"Tunapita juu ya Mbeya!" Nkuba hupaza sauti. "Injini ya kulia inakosa mafuta!"

Hapo Severina huchomoa kizibo, maji yakahamia kulia. Akichelewa kukirudisha, bawa moja huwa zito, na Mwalimu Regina hupuliza filimbi: "Mmeanguka! Abiria wote wamekwisha!"

Jioni matangi yalijazwa pomoni kwa maji ambayo wasichana waliyapandisha kichwani kutoka mtoni. Kizibo cha mti kilipopasuka, Severina alichonga gunzi la hindi akaziba nalo, kama walivyoziba vibuyu nyumbani kwao. Tangu wiki hiyo, kila asubuhi tangi la kushoto lilikutwa nusu.

"Tuna mwizi," alisema Jailos, kiranja mkuu. "Na mwizi ana ng'ombe."

Hakutaja jina. Hakuna aliyeuliza. Nkuba ndiye pekee aliyetoka Ubaruku, bonde la mpunga, kwa wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini, akaja kukaa kwa mjomba wake, Mzee Magesa, aliyefuga ng'ombe mmoja wa maziwa.

Asubuhi iliyofuata Severina alimkuta Nkuba kando ya ndege, miguu imelowa.

"Kamwene, Severina," alimsalimu kwa Kihehe, kwa lafudhi yake ya Kisukuma.

Severina hakuitikia. Alitazama ile miguu. Umande? Au maji yetu? Jailos alipomuuliza alichokiona, alijibu, "Miguu yake ilikuwa na maji." Hayakuhitajika maneno zaidi.

Siku ya pili yake wanafunzi wote walipangwa mstari karibu na ndege. Mzee Magesa aliitwa, akaja na furushi la nguo za Nkuba begani.

"Kama ameiba, sitabishana," alisema huku akitazama chini. "Leo hii anarudi Ubaruku kuchunga. Shule basi."

"Kakanyage matope ya mpunga, rubani!" mmoja alizomea kutoka nyuma. Wengine wakacheka.

"Mjomba, sikuchota," alisema Nkuba.

"Mbona chini ya tangi la kulia ni tope tupu?" Jailos aliuliza. "Amechota kushoto, akaja kunawia kulia!"

Severina aligeuka. Kweli, chini ya bawa la kulia palikuwa tope. Lakini tangi la kulia lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Wiki nzima walikuwa wakilitazama la kushoto tu. Tangi lililojaa, tena lisilotoboka, linamwagaje maji?

Akakumbuka kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, nyumbani. Baba huziba kwa gunzi makusudi, pombe ipumue, kibuyu kisipasuke. Gunzi hupitisha pumzi. Na maji je? Gunzi lile alilichonga yeye.

Angeweza kunyamaza. Nkuba angeondoka, naye angeweka kizibo kipya, na nani angejua?

"Mwalimu, ngoja!" Sauti ilimtoka kabla hajaipanga. "Naomba tupunguze la kulia, halafu tusimame tutazame. Asiliguse mtu."

"Fundi naye kageuka wakili," Jailos alibeza.

"Nyamaza, Jailos," alisema Mwalimu Regina. Akamwaga maji ya tangi la kulia hadi nusu, akachora mstari kwa chaki ndani yake, juu kidogo ya maji. Shule nzima ilisimama juani. Nkuba alikuwa kando ya mjomba wake, mbali na ndege. Kengele ya mapumziko ilipogongwa, maji yalikuwa yameumeza mstari, na upande wa kushoto yalikuwa yameshuka.

"Uwanja umeinama upande wa kulia," alisema Severina, machozi yakimlenga. "Usiku maji yanapenya kwenye gunzi, kulia kunajaa, yanafurika. Gunzi niliweka mimi. Na miguu yake… ulikuwa umande. Yangu pia ilikuwa na umande."

Jailos alijikuna shingo. Mzee Magesa alimpa Nkuba furushi lake. "Lirudishe nyumbani," alisema. "Jioni umkamue ng'ombe."

Mwalimu Regina hakutabasamu. "Gunzi tutalibadilisha leo. Ninyi je? Mlisoma tangi moja mkahukumu safari nzima, kwa sababu rubani katoka mbali. Nami nilikaribia kuwafuata. Anayetafuta ukweli hupima pande zote mbili, hata kama upande wa pili utamtaja yeye mwenyewe."

Severina akamwendea Nkuba. "Kamwene," alisema.

"Kamwene. Tuliishia juu ya Mbeya, fundi. Injini inakosa mafuta."

Nawe uliyesoma hadi hapa, darasani kwenu yupo anayenong'onwa kuwa mwizi kwa sababu tu kwao ni mbali. Jina lake umekwisha kulikumbuka. Funga kitabu. Simama. Nenda ukamtetee sasa hivi, kabla furushi lake halijafungwa.