Kombe mu Mazout

Wallahi, wallahi, na tena wallahi! Naapa kwa sauti, wa juu wasikie na wa chini wasikie: hii maneno yote ni kweli, kutoka kichwa mpaka mukia. Kama nimetia chumvi hata ya ncha ya kidole, hii macho isione tena jua, na hapa Bruxelles jua lenyewe tayari ni la kuomba. Muulize muntu yeyote pale Matonge, mutaa wetu, atakuambia miye siogopaka kitu. Kiboko nimemufukuza na kandambili kule Rusizi, akarudi mu maji analia. Lakini cave ya Burhani, kile chumba chini ya nyumba yake, bon, ile ni kitu ingine.

Burhani ni mutoto wa Buyenzi, Bujumbura, dereva wa taxi. Alipata nyumba ya kupanga kule Auderghem, karibu na forêt, ule musitu mukubwa, nyumba muzima na bustani yake, siyo appartement. Kabla yake alikuwa anakaa humo muzee mumoja Mubelgiji, Marcel, alikufia mu fauteuil, kiti chake cha kupumzikia. Chini mu cave aliacha chaudière, mashine ya kuchemsha maji kwa mazout, yale mafuta kama dizeli, kubwa kama tembo amepiga magoti. Ndiyo ilikuwa inapasha radiateur zote, vile vyuma vya joto ku ukuta, na maji ya kuoga.

Wakati wa kuhamia, Shehe Mansour, muntu wa Tanga, aliwaandikia Burhani na muke wake kombe: aya za Kurani kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha na maji, akajaza chupa. Akamuambia Burhani anyunyize pembe za nyumba, jini asiwaguse, na itakayobaki amwage pahali safi, pasipokanyagwa na muguu. Kwetu hata mutoto anajua hiyo. Lakini Burhani alikuwa na haraka, tena alijiona ana akili. Akasema mu roho: jini ni wa moto, na moto wa hii nyumba unaanzia wapi? Ku citerne, ile tanki ya mazout. Donc nitibu ku shina. Akafungua ule mufuniko mu bustani, pale camion inaingiziaka mazout, akamwaga chupa yote. Pembe za nyumba hazikupata hata tone. Miye sikuwako. Ningekuwako ningemushika mukono.

Alors, muke wake Zaituni akazaa mutoto mwanamuke, Rayhana. Mama ya Zaituni, Maman Naïma, akapanda ndege kuja kumukanda binti yake na maji moto, vile tunafanyaka kwetu mpaka arobaini itimie. Ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Mate unatema, inafika chini ni changarawe.

Asubuhi moja Maman Naïma akafungua robinet, maji ikatoka vuguvugu, na ndani yake harufu. Mazout, lakini na kitu ingine juu yake, kama udi wa kuchomwa mu chumba kimefungwa miaka na miaka. Akanusa mukono. Maji ikawa baridi.

Burhani akashuka mu cave. Taa nyekundu ilikuwa inawaka ku chaudière. Akafinya bouton ya kuianzisha upya. Mashine ikanguruma, upepo ukazunguka ndani, cheche zikalia, halafu kikohozi kimoja, na kimya. Taa nyekundu tena. Akafinya tena, na tena. Kila muntu wa mazout anajua ile bouton haifinywi ovyo, mafuta yanajaa ndani bila kuungua. Lakini muntu akiwa na aibu, kidole hakisikii. Kwa sababu alishajua. Alikuwa amefungua filtre, ile glasi ndogo ku bomba, akaona maji yamejitenga chini ya mazout, ya manjano, rangi ya zafarani.

Akarudisha glasi, akapangusa mikono. Zaituni akauliza kutoka juu kama ameona shida. Akajibu bado anatafuta. Kuita fundi hakutaka: fundi angemuuliza, mbele ya mukwe wake, nani alitia maji mu mazout. Na Maman Naïma ndiye alikuwa anamusifu Buyenzi muzima, eti binti yangu ameolewa na muntu wa dini. Kwa hiyo mutoto alilala amefungwa mablanketi kama mandazi mu kitambaa, pua yake ndogo imekuwa ya bluu, na baba yake anasema bado anatafuta.

Halafu radiateur zikaanza. Mchana mweupe, watu wako macho, ile radiateur ya chumba cha mutoto, baridi kama chuma cha kaburi, ikaanza kupumua, kwanza polepole kama muntu amelala nyuma ya ukuta, kisha na sauti ndani ya pumzi, na sauti ikawa maneno, na maneno yalikuwa ni yale ya Zaituni mwenyewe, yale anamuimbiaka mutoto, lakini Zaituni alikuwa amekaa pale ku kitanda, mudomo wake umefungwa, machozi inamushuka bila yeye kujua.

Maman Naïma akamuvuta Burhani ku couloir, nje ya chumba. Akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Papa Rayhana, nani mumemukosea mu hii nyumba?"

Burhani akaangalia viatu vyake. Akasema atamuita Shehe. Na miye akaniita, kwa sababu watu wanajua nguvu zangu.

Tulishuka mu cave ile alasiri, Shehe, Burhani na miye, na clé anglaise yangu, ile spana kubwa, mu mukono. Maman Naïma akasimama ku ngazi na mutoto mu kifua. Shehe Mansour akaanza Ayatul Kursiyu. Na ndani ya chaudière, ndani ya chuma baridi kisicho na hata cheche, sauti ingine ikaidaka aya na kusoma pamoja naye. Shehe akaruka neno. Ile sauti ikasimama, ikarudi nyuma, ikaliweka lile neno pahali pake, ikaendelea mpaka mwisho.

Shehe akasogea mbali hatua moja. Ndevu zake zilikuwa zimelowa jasho.

"Huyu ni Muislamu," akanong'ona. "Msimtukane."

Sauti ikasema, na ilisema kama sisi, kwa Kiswahili cha Buyenzi imejifunza kwa kusikiliza watu kupitia radiateur: "Na Marcel nilikaa vizuri. Namuwashia, analala. Nyinyi mukakuja, nikasikia munasali, nikafurahi. Kisha mukanimwangia maneno ya Mungu mu mafuta, eti niyachome. Nitayachoma namna gani? Nani alimwaga?"

Miye naona damu yangu inageuka maji, lakini kwa baridi tu.

"Bwana Burhani," Shehe akasema polepole, "kama ni wewe, sema. Omba radhi, yaishe, mtoto apate joto."

Burhani akainua macho ku ngazi, akakutana na macho ya mukwe wake.

"Siyo miye."

"Papa Rayhana," sauti ikasema, laini, "nakuuliza tena."

"Siyo miye. Pengine ni ule muzee Marcel."

Muzee Marcel, muntu wa kanisa, aandike kombe. Maman Naïma akashusha uso, akajifunika na kitenge mpaka macho, na pale tulijua wote kwamba amejua. Aibu ile ilijaa mu cave kuliko harufu ya mazout.

"Sawa," sauti ikasema. "Hapa siwezi kuwasha. Na miye nasikia baridi."

Mulango mudogo wa chaudière ukafunguka wenyewe, na upepo moto ukatoka, ukapita usoni kwa Shehe, ukapita kwangu, ukapanda ngazi moja moja kama muntu ameshika ukuta kwa sababu hana haraka, ukafika kwa Maman Naïma, ukainua kitenge chake taratibu, ukaingia chini yake, pale mutoto alikuwa amelala, na hatukuuona ukitoka. Muntu akiwaambia miye nilitangulia kufika juu, nilikwenda kuangalia kama mulango uko wazi.

Kesho yake fundi akakuja, Hamza, wa Schaerbeek. Akatoa maji yote chini ya citerne, akasafisha, ikawaka mara moja. Lakini haikusaidia kitu, hawaihitaji. Chumba cha Rayhana ni moto, radiateur imefungwa. Theluji haikai ku dirisha lake. Daktari anasema mutoto ni muzima kabisa, anasema huku anavua pullover ya sufu.

Burhani alinieleza yote pale Flagey, kichwa chini, kahawa yake haijaguswa. Kila anapomubeba, mutoto halii wala hacheki. Anamuangalia tu usoni, anangoja jibu. Na Burhani anamurudisha kwa mama yake, kwa sababu Maman Naïma huwa yuko karibu, angesikia.

Sasa nawaomba, hii iishie kwenu. Rayhana atakuwa mukubwa, atatafutiwa bwana, na muji huu kwa maneno ni mudogo. Musimuambie muntu.