Pikipiki ya Volti Sita

Ndugu zangu, nyumba ya Kahangwa kule Nshamba ilikuwa ya kutamaniwa. Asubuhi ukungu ulilala juu ya migomba mpaka saa mbili, na ndani yake ungemsikia Ephrasia, mkewe, akimenya ndizi huku akiimba polepole wimbo wa kanisani. Hapakuwa na njaa wala ugomvi. Kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa cha ukoo, kaburi la baba yake Kahangwa likiwa katikati, na yeye ndiye mrithi.

Pamoja na kibanja alirithi pikipiki ya volti sita, kongwe kuliko yeye. Marehemu baba yake, katekista, aliipanda kigango kwa kigango akifundisha dini. Siku Kahangwa alipoipiga kiki ikaitika, alifumba macho akamwona baba yake akija kwenye njia ya migomba, taa ya mbele ikiwa njano kama kiini cha yai. Kuanzia siku ile ni kama hakuamka tena vizuri.

Shida ilikuwa taa. Iliwaka kidogo, ikafifia, ikazimika. Alinunua betri mpya, ikafa ndani ya juma. Akanunua nyingine. Alishinda stoo akiongeza maji ya betri na kusugua kutu kwenye nyaya, na alipoitwa kula alijibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mnacheka? Wapo wanaopotelea kwenye pombe, yeye alipotelea kwenye betri, na shamba halijui tofauti.

Ndipo Ephrasia alipoona mgomba mmoja karibu na kaburi umegeuka njano na majani yamelegea. Mujuni, bwana shamba, alipita akasema ni mnyauko: ukatwe leo hii, panga lipitishwe motoni, la sivyo ugonjwa utahamia kwa mwenzake. Lakini katika ukoo ule mke hakati mgomba ulio karibu na kaburi la baba mkwe bila neno la mrithi. Ephrasia akaenda stoo kuomba neno hilo. Kahangwa akasema kesho, akirudi kutoka Bukoba.

Kesho ilimkuta mtaa wa Bilele, mjini Bukoba, kwa Burhani, fundi mkongwe wa pikipiki. Burhani aligusisha waya huku na huku, akatikisa kichwa.

"Betri zako zote mbili zilikuwa nzima, Mzee Kahangwa," alisema. "Hazilishwi tu. Koili ya chaji imeungua. Unazinyonya kila siku na hakuna kinachorudi. Hata ungeleta ya tatu, ingekufa."

Maneno hayo yangetosha kumwamsha mtu. Yeye aliuliza tu koili itasukwa upya lini. Waya wake ulikuwa adimu, hivyo akakaa kwa dada yake, mtaa wa Rwamishenye, kuusubiri, akiota ile taa ya njano, na majuma yakampita bila kuyahisi. Ephrasia alipiga simu: sasa ni migomba tisa. Akapiga tena: mnyauko umevuka kaburi. Kila mara mumewe alimjibu kwa upole asiguse kitu, anakuja. Miezi miwili ikaisha hivyo.

Alirudi mchana, taa ikiwaka bila kufifia hata alipopunguza mwendo. Njia nzima kutoka mjini alitokwa na machozi ya furaha. Kisha akaingia njia ya kwao, ile iliyokuwa na giza la migomba hata saa sita. Majani yalikuwa yameanguka. Jua lilifika mpaka chini, kali, na taa yake haikuonekana kama imewaka.

Ephrasia alikuwa ameketi mlangoni, panga magotini. Binti yao Elieth alikuwa anakula ugali wa mahindi ya kununua, katika nyumba iliyokuwa ikigawa ndizi kwa majirani.

"Baba Elieth," Ephrasia alisema, "nilikuwa nangoja neno lako."

Kahangwa alizima injini. "Kata," alisema. Walikata siku nne, kibanja chote, mpaka kaburi la mzee likabaki peke yake uwanjani.

Funzo

Wenzangu, kumkumbuka marehemu ni jambo jema, lakini urithi mkubwa ni ule unaolisha walio hai. Na wewe uliyepewa mamlaka ya kutoa neno nyumbani kwako, litoe mapema. Kama huna nafasi, mwachie mkeo akate.