Siku Tuntufye Alipomkimbia Mzee

Haruni alikuwa ameipenda sauti wiki sita kabla ya kumwona mwenye sauti. Na huenda asingemwona kamwe, kama gurudumu la mbele la kiti cha baba yake lisingetumbukia kwenye mfereji, Jumamosi ya soko, mbele ya wauza dagaa aina ya usipa wa Kyela.

Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na nne, matope hadi kwenye vifundo. Soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo. Redio, viatu na vitenge vilivyokuwa vikifichwa chini ya kaunta enzi za ugawaji sasa vilipangwa chini, watu wakiviruka. Haruni alivuta kiti nyuma, hakikutoka. Mzee Abdulwahab, aliyepooza upande wa kushoto mwaka uliotangulia, alikaa ndani yake ameinama upande, kofia ya kiua ikimteleza.

"Shika mikono ya nyuma, mimi ninyanyue mbele," mwanamke akasema.

Haruni akaganda. Sauti ile ndiyo iliyomwambia kila asubuhi kwenye simu asubiri Dar es Salaam.

"Wewe ni wa kituo cha simu," akasema.

"Na wewe ni Kyela sitini na mbili, unayegombana na watu wa Dar kuhusu vitenge. Nyanyua basi, mzee anaanguka."

Wakanyanyua. Alikuwa amevaa gauni la kijani, kitenge kiunoni, viatu kavishika mkononi ili visichafuke, na alipocheka alionyesha mwanya. Jina lake Tuntufye, wa Ngonga, amepanga mjini kwa ajili ya kazi.

"Shikamoo, tata," akamwambia mzee, kama mtu anavyomwita baba yake.

"Marahaba. Ndaga fijo, mwanangu," mzee akashukuru kwa Kinyakyusa chake cha dukani, alichojifunza kwa miaka thelathini ya kuuza kanga. Haruni hakukijua. Yeye alilelewa Tanga kwa shangazi yake, akaitwa haraka aje kushika duka baba alipougua, na mpaka siku ile aliiona Kyela kuwa mvua na mpunga tu.

Baada ya hapo simu ya duka haikupumzika.

"Namba gani, bwana sitini na mbili?"

"Nipe Dar. Au usinipe. Watu wa Dar wananiudhi, zungumza wewe."

"Nikifukuzwa kazi utanilisha?"

"Nitakulisha mpaka ukatae, laazizi."

"Laazizi ndiyo nini? Ninyi watu wa pwani mna maneno ya kupaka mafuta."

Kila Jumapili akitoka kanisani Tuntufye alipita dukani, akamsukuma mzee hadi barazani, akamsomea gazeti na kumkatia ndizi vipande vidogo. Mzee alimtania, naye akamtania mzee. Haruni aliwatazama akapanga maisha yote kichwani.

Mwisho wa Juni akashindwa kuvumilia. "Tuntu, nataka tuoane. Tutakwenda Bomani, wewe na kanisa lako, mimi na kofia yangu."

Upande wa pili Tuntufye akashusha sauti.

"Mambo haya hayazungumzwi kwenye waya," Tuntufye akasema polepole. "Kwanza niende Ngonga kwa mama. Jibu utalipata Sabasaba, kwenye pembea."

Maana mwaka ule watu walikuwa wameuza mpunga vizuri, na mapembea yakashuka kutoka Mbeya kwa malori mawili. Yalisimikwa uwanja wa nyuma ya mashine ya kukoboa: farasi wa mbao wanaozunguka, na pembea kubwa la chuma lenye viti vinane vinavyopanda hadi juu ya mabati. Ili vumbi lisiruke, wakamwaga pumba za mpunga uwanja mzima. Aliyeamua hivyo hakuwahi kusukuma kiti cha magurudumu. Kila hatua tatu magurudumu yalizama, na Haruni, shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili, akatota jasho kabla ya kufika kwa muuza karanga.

"Nipeleke kwa farasi," mzee akasema.

"Baba, farasi ni wa watoto."

"Wameandika wapi? Nimekaa mwaka mzima natazama ukuta. Leo nataka kuzunguka."

Hapo ndipo Haruni alipomwona Tuntufye. Alivaa gauni la njano na kitenge kipya alichomkatia yeye mwenyewe dukani. Haruni akainua mkono. Tuntufye akamwona, akatabasamu, mwanya ukaonekana. Kisha macho yake yakashuka, yakatua kwenye kiti.

Tabasamu likafutika. Akavuta kitenge akajifunika kichwa na uso, akageuka, akatimua mbio. Mbio za kweli, akipenya kati ya watu, ndala moja ikabaki kwenye pumba.

Haruni alipomwona tena, alikuwa anapanda pembea kubwa. Aliyemfungulia chuma cha kiti ni Zebedayo, kijana mwendesha pembea, koti la ngozi kwenye jua lile, miwani myeusi, suruali imembana. Zebedayo akamwambia mwenzake ashike usukani, akaketi ubavuni kwa Tuntufye, na wote wawili wakapaa. Kule juu Tuntufye akaficha uso kwenye bega la koti lile.

Haruni alishikwa na wivu. Alitaka kulipanda lile pembea kwa nguzo zake, amshushe yule kijana kwa ukosi. Miezi minne anamlisha mzee ndizi, akawaza, na siku niliyotamka ndoa ndipo ameyaona magurudumu. Amepiga hesabu ya kumuuguza mtu, akaogopa. Hata kuniambia ameshindwa, amemkimbia baba yangu hadharani kama ukoma.

"Nani huyo aliyekimbia?" mzee akauliza.

"Tuntufye."

"Alijifunika uso?"

"Alijifunika."

Mzee akaanza kucheka, cheko lake la upande mmoja. "Haruni, sikia nikwambie kuhusu watu wa huku."

"Sitaki kusikia habari za watu wa huku, baba."

Akakigeuza kiti kwa hasira, akakikokota nyumbani.

"Na farasi wangu?" mzee akauliza njiani.

Kesho yake Haruni akazungusha mkono wa simu kwa nguvu.

"Namba gani?" Sauti ilikuwa imekauka.

"Dar. Niunganishe bila maneno."

"Haruni, jana—"

"Maneno mpe Zebedayo."

"Zebedayo hana simu."

"Ana koti. Umemkimbia baba yangu mbele ya mji mzima, Tuntufye."

"Kumbe ndivyo ulivyoona," akasema.

"Ndivyo macho yalivyoona."

Laini ikakatika, na safari ile haikukatwa na watu wa Dar.

Ijumaa hakula, Jumamosi alimpimia mteja kitenge vibaya mara mbili. Mzee alijaribu kusema, Haruni akafungulia redio. Jumapili asubuhi, siku ya mwisho ya mapembea, uvumilivu ukamwisha, akaenda uwanjani kumkabili mwenye koti.

Zebedayo alikuwa amepiga magoti anapaka grisi. Koti lilining'inia kwenye nguzo, limefuliwa.

"Wewe ndiye mwenye mzee wa kiti?" akauliza kabla Haruni hajafungua mdomo. "Yule dada wako alinitesa. Aling'ang'ania nimpandishe na nisimshushe mpaka mzee aondoke uwanjani. Kufika juu, kumbe anaogopa urefu. Akanitapikia koti."

"Ulimtongoza?"

"Nilimtongoza, uongo wa nini. Akaniambia ana mume. Nikamwuliza, sasa yule mzee amekukosea nini? Akasema hajanikosea, ni baba mkwe wangu, haifai anione."

Haruni akasimama na pumba zikimwingia kwenye viatu. Akarudi nyumbani mbio. Mzee alikuwa barazani.

"Baba mkwe wake?" Haruni akauliza, akihema.

"Siku tatu nataka kukwambia, wewe unafungulia redio." Mzee akavuta pumzi, maana maneno marefu yalimchosha. "Mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe. Wakikutana njiani, anapinda. Aliponilisha ndizi alikuwa mtoto wa watu. Aliponikimbia alikuwa mkeo. Lile ndilo lilikuwa jibu lako, nawe ukaondoka nalo umenuna."

Haruni akaiendea simu.

"Namba gani?"

"Nipe kituo cha simu cha Kyela."

"Unazungumza nacho."

"Mwambie anayekaa hapo kwamba mimi ni mjinga. Mwambie nilimwonea wivu koti."

Akasikia kama anacheka, kisha akatambua kwamba analia.

"Wewe umelilia koti," Tuntufye akasema. "Mimi nimelia kwa jambo jingine. Mama amekubali. Siku ileile aliyokubali, akaniambia kuanzia sasa yule ni mkweo, umheshimu. Haruni, mimi nampenda mzee wako. Nitaishije nyumba moja na mtu nisiyeweza kumtazama? Nani atamsukuma Jumapili? Ningekujibu ndiyo, ningempoteza yeye. Nilikuja Sabasaba nikuulize wewe tufanyeje, nawe ukaja naye."

Haruni akageuka akamtazama baba yake pale barazani. Aliiona kofia, shingo, na mabega mawili, moja limeshuka. Miezi yote ile amekuwa akimwona mzee hivi, kutoka nyuma, na mzee hajawahi kumwona yeye anayemsukuma.

"Tuntu," akasema. "Anayesukuma kiti yuko wapi?"

"Nyuma."

"Na anayesukumwa anatazama wapi?"

Waya ukakoroma.

"Saa tisa tutakuwa kwenye pembea," Haruni akasema. "Muulize mama yako."

"Mama yuko hapa mjini, amekuja kanisani; mimi leo niko zamu. Bibi angekuwa hai angekataa," Tuntufye akasema. "Mama sijui."

Saa tisa Haruni alikuwa akihangaika tena na pumba, bila kugeuka nyuma, ingawa shingo ilimwasha. Walipompita muuza karanga, mkono mwingine ukashika kiti kando ya wake. Alikiona kitenge kabla ya kumwona mwenyewe, amejifunika hadi kwenye nyusi, macho chini.

"Mama amesema heshima haina maana ya kumwacha mgonjwa," Tuntufye akanong'ona. "Ila nisimtangulie mbele, na nisizungumze naye."

"Na mimi? Mimi nina jibu langu?"

"Sogea kidogo nikuonyeshe," akasema, akaviondoa vidole vya Haruni kimoja kimoja kwenye kiti mpaka Haruni akaachia.

Haruni akaenda mbele. Kiti kikaja nyuma yake, kikinyanyuliwa kidogo kila kilipotaka kuzama.

"Haruni," mzee akasema, akimtazama mwanawe aliyekuwa hatua mbili mbele yake, "leo unasukuma vizuri. Siku zote unanigonga."

"Nimejifunza, baba."

"Usiache tena."

Kwa farasi wakaitwa wanaume wanne. Zebedayo akaja na koti lake safi, akamshika mzee makwapani, na Haruni, ingawa sasa alijua ukweli, bado akamkazia jicho kwa kusimama karibu mno na kitenge kile. Wakamnyanyua. Ili akae kwenye farasi ilibidi wamgeuze, uso uelekee nyuma, kule kiti kilikobaki na mtu aliyekishika. Tuntufye akaanza kuvuta kitenge, mguu mmoja tayari kukimbia.

Lakini mzee alikuwa amefumba macho. Aliyafumba tangu mikono ya kwanza ilipomgusa, akabaki hivyo wakimkalisha, wakimfunga kamba kiunoni, mpaka farasi alipoanza kuzunguka.