Kura za Sumberlengkong

Marfuah alikuwa akikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mumewe Kasturi aliporudi kutoka kwa mkuu wa kijiji cha Sumberlengkong. Ilikuwa mwaka 1977. Kisiwa kizima cha Java, kama Indonesia yote, kilijiandaa kupiga kura, na wanajeshi walikuwa madarakani tangu kabla binti yao Rukmini hajazaliwa.

"Wanasema atakayechagua chama cha Waislamu atajulikana," alisema Kasturi.

"Watajuaje?"

Ustadhi Masruhin, jirani yao, alikuwa ameketi barazani. Akacheka.

"Karatasi haina jina, Mama Rukmini. Ikague kwanza isiwe na tundu tayari; matundu mawili huiharibu kura. Ingia peke yako, toboa alama unayoitaka kwa msumari, ikunje. Basi."

"Na kuhesabu?"

"Mbele ya watu. Kila chama kina shahidi wake. Shahidi asitie sahihi fomu mpaka hesabu ilingane na aliyoisikia. Baba Rukmini, hiyo kazi yako."

"Unanitafutia balaa, Ustadhi."

"Nakutafutia kazi isiyo na mshahara."

Siku ya kura, Kasturi aliketi mezani kama shahidi, na Marfuah alitoboa alipotaka. Jioni kura zilisomwa kwa sauti: chama cha Waislamu 212, chama cha serikali 94. Watu wakakumbatiana. Kisha sajenti mmoja wa jeshi akamletea Kasturi fomu nyingine. Hesabu ilikuwa imegeuzwa.

"Tia sahihi."

"Sivyo nilivyosikia, Bwana," alisema Kasturi.

Askari wakamchukua. Alfajiri wakamchukua Ustadhi Masruhin, naye hakuonekana tena. Kasturi alirudi siku ya kumi na moja. Kidole gumba chake kilikuwa na wino wa zambarau. Fomu ilikuwa imepata alama yake.

"Walikufanya nini?" aliuliza Marfuah.

"Nipe maji."

Tangu siku hiyo Kasturi aliswali nyumbani. Aliogopa hata kuonekana amesimama na watu.

Miaka mitano ikapita. Mkuu wa kijiji akauliza mkutanoni nani atakuwa shahidi wa chama cha Waislamu. Wanaume wote wakatazama chini. Marfuah akanyoosha mkono.

Nyumbani, Kasturi hakumkaripia. "Watageuza tena," alisema. "Unakwenda kuhesabu nini?"

"Zilizopo."

Kura ziliposomwa, wanawake saba walisimama nyuma ya Marfuah, wakahesabu naye kwa sauti. Fomu ilibadilishwa tena. Sahihi yake haikuwamo. Na safari hii, Sumberlengkong nzima, hata watoto, waliijua hesabu ya kweli.