Kiitikio cha Tatu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Verlon Tidwell alipofika kwenye baa ya Hoyt kuchukua amplifaya yake ya gita. Ni mwendo mfupi tu kwa pikapu, lakini alikuwa ameuahirisha tangu mkewe, Arvella, azikwe. Sasa hakuwa na ujanja. Hoyt Sizemore alishaiuza baa yake, na asubuhi tingatinga lilikuwa linakuja kuibomoa.

Alimkuta Hoyt nje, ameegemea ukuta, funguo mkononi.

"Kachukue mzoga wako," Hoyt alisema.

"Mzoga huo ndio uliokujazia baa kila Jumamosi, mchoyo wewe."

Hoyt akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Verlon, ukitaka kuijaribu, ijaribu kwa kitu kingine. Ule wimbo usiupige humo peke yako."

"Bado unaogopa hadithi za bibi yako?"

"Naogopa. Tena sana. Funguo ziache mlangoni." Akamkabidhi funguo, akaingia kwenye gari lake, akaenda zake kula kambare wa kukaanga kwa dada yake.

Ule wimbo. Haukuhitaji kutajwa jina. Pande zile za Alabama mtu anaujua kabla hajaijua sala ya chakula. Uliimbwa na vijana watatu wa hapo hapo, enzi ambazo Verlon alikuwa na chunusi, na mpaka leo hakuna harusi bila huo, hakuna mechi bila huo, na hata makaburini upo. Vijana wanaosema muziki wa baba zao ni takataka, likilia tu lile gita la mwanzo, wanaweka simu mfukoni na kupaza sauti. Na kila bendi iliyowahi kupanda jukwaani imepigiwa kelele na mlevi fulani kutoka nyuma ya ukumbi: "Pigeni ule!"

Una desturi yake. Kikifika kiitikio cha tatu, bendi hunyamaza kabisa. Hakuna ngoma, hakuna uzi. Watu huimba peke yao. Lakini mazoezini, ukumbi ukiwa mtupu, hakuna bendi inayonyamaza. Hupiga moja kwa moja mpaka mwisho.

Wazee wanasema wale vijana watatu walimwendea bibi mmoja mganga wa mizizi, kando ya Mto Tombigbee, kila mmoja na kishungi cha nywele zake. Walitaka wimbo usiokufa. Bibi akazipokea nywele, akawaambia: "Kiitikio cha tatu si chenu. Kiacheni kwa watu."

Watu gani? Hakusema.

Wale watatu wamekufa siku nyingi. Wimbo uko redioni kila siku.

Ndani mlinuka bia iliyochacha na mafuta ya kukaangia. Viti vilishaondolewa, na nyayo za Verlon ziligonga sakafu kwa sauti kubwa kuliko alivyopenda. Akapanda jukwaani, akachomeka waya. Amplifaya ikanguruma.

Nzima! Angeibeba na kuondoka, mambo yangeishia hapo. Lakini aende wapi? Nyumbani kulikuwa na sahani moja kwenye kichanja na magauni ya Arvella kabatini. Binti yake, Rhonda, alimsihi ahamie kwake Birmingham, naye akakataa kwa sababu ya hayo magauni. Ugane ni kitu kibaya. Watu hukuletea vyakula wiki ya kwanza, halafu kila mtu anarudi kwake, na wewe unabaki kuzungumza na friji.

Akavaa gita lake. Mkono uliozoea kunyonga, kuchinja hauwezi. Vidole vyenyewe vikaenda kwenye ule mwanzo.

Alipiga ubeti wa kwanza bila kuimba. Akapiga wa pili. Hapa kushoto kwake ndipo Arvella alipokuwa akisimama, akiimba sauti ya pili, kila mara akiachwa nyuma kidogo na mdundo. Verlon alizoea kumtania: "Wewe hata mazishi yako utachelewa." Naye alicheka mpaka anakosa pumzi.

Kiitikio cha tatu kikafika.

Verlon hakuwahi kuupiga wimbo ule peke yake maishani. Mazoezini wenzake walikuwapo kumvusha; siku nyingine zote ukumbi ulikuwa umejaa. Mkono wake ukafanya kilekile ulichozoea kufanya.

Ukanyamaza.

Kimya...

Kisha wakaimba.

Kwanza kwa chini, kama watu walio kanisani. Sauti zilitoka pale palipokuwa na meza, mlangoni, kaunta. Buti zikaanza kugonga sakafu kwa mdundo mmoja. Harufu ya tope la mto ikapanda, tope bichi lenye majani yaliyooza. Verlon alitazama ukumbi wote na hakuona mtu.

Halafu akasikia harufu ya dawa ya nywele. Na sigara. Kushoto kwake sauti ya kike ilikuwa inaimba, imeachwa nyuma kidogo na mdundo.

"Arvella?" alinong'ona.

Sauti iliendelea kuimba. Verlon alilia bila aibu, na hakugeuka, maana aliogopa akigeuka ataikosa.

Kiitikio kikaisha. Wakakianza upya. Kikaisha, wakakianza tena, na kila walipokianza buti zilikuwa zimesogea. Hapo ndipo sikio lake la mwanamuziki lilipogundua jambo. Zilikuwapo sauti nyembamba, zilikuwapo nzito, lakini hapakuwa na anayeongoza. Katikati palikuwa na pengo.

Walikuwa wamemwachia yeye.

Na tuseme ukweli: alitaka. Alitaka kwa moyo wake wote. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Midomo ya baridi ikagusa sikio lake. "Usiimbe..."

"Nimechoka kukaa peke yangu, Arvella."

"Najua, mume wangu. Usiimbe. Nenda."

"Hawataniachia."

"Wanataka wa kuongoza tu. Nenda!"

Sauti ya kushoto kwake ikahama. Ikaenda mbele, katikati, ikaingia pale penye pengo. Arvella, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongoza wimbo, aliongoza, na safari hii hakuachwa na mdundo hata kidogo. Buti zikasimama. Verlon akaliacha gita, akaiacha amplifaya, akatoka mbio.

Nyuma yake, ndani ya ukumbi mtupu, wakapiga makofi.

Asubuhi tingatinga lilikuja, na jioni palikuwa pamebaki vumbi. Hoyt alimtazama usoni, akamnunulia kahawa.

Mwezi uliofuata Rhonda alimshawishi angalau atoke, aende kwenye mechi ya shule ya Ijumaa. Alikaa peke yake katikati ya mji mzima. Wakati wa mapumziko, bendi ya matarumbeta ya shule ikaingia uwanjani, na bila shaka yoyote wakapiga ule.

Kiitikio cha tatu, ngoma zikanyamaza. Uwanja mzima ukaimba, akina mama, watoto, polisi wa getini. Na chini ya sauti zao Verlon akawasikia wale wengine.

Akamtafuta Arvella nyuma ya mdundo. Hakuwepo. Alikuwa mbele, katikati, sawasawa na mdundo, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama ya mtu ambaye tangu usiku ule hajaruhusiwa kukaa chini.

Anaongoza kwenye baa ngapi usiku huu? Magari mangapi, redio ngapi?

Wimbo ukaisha. Uwanja ukalipuka. "Tena! Tena! Rudieni!"

Verlon akasimama, akamshika mkono kijana aliyekaa jirani. "Tafadhali. Waambie wasirudie. Amechoka."

"Nani amechoka?" Kijana akacheka, akampigapiga begani. "Kaa, mzee wangu. Wimbo huu hakuna anayeuchoka."

Matarumbeta yakaanza upya.